Duka kubwa limefunguliwa mtaani: namna ya kulinda duka lako dogo ndani ya siku 90

Ujumbe ninaoupata kutoka Uyole mkoani Mbeya, Mafinga na Kihesa mkoani Iringa unafanana: "Supamaketi imefunguliwa jirani, nimeshusha bei zote, wateja bado wanapungua na sasa mzigo sina." Kosa liko kwenye neno "zote". Mwenye duka dogo akishusha bei zote anawagawia wateja mtaji wake kidogo kidogo mpaka rafu zibaki wazi. Mteja akikuta umeishiwa mara mbili, mara ya tatu hapiti tena.

Mwongozo huu ni wa duka la rejareja la mtaani, lile la sukari, unga, sabuni, mafuta, mkate na vocha. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaoniandikia kwamba wamekwama wameruka hatua ya kwanza na ya pili kwa sababu hazileti hela siku ileile.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari mbili: moja la mauzo, moja la madeni. Usizichanganye.
- Kalkuleta, au ya kwenye simu.
- Mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.
- Risiti zako za jumla za miezi miwili iliyopita. Kama huna, anza kuzidai leo.
- Kalamu nene na karatasi ngumu za kuandikia bei.
- Chaga za mbao za kuinulia magunia na ndoo.
- Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara.
- Chenji ya kutosha ya asubuhi: sarafu na noti ndogo.

Hakikisha TIN na leseni ya biashara ya halmashauri ziko sawa kabla ya kuanza. Huwezi kupanga duka huku unamkimbia mkaguzi.

## Hatua ya 1: Siku saba usiguse bei

Kwa wiki nzima, andika kila kinachouzwa: kitu, kiasi, bei. Hata kiberiti. Pembeni weka safu mbili ambazo watu huzisahau.

Ya kwanza iite "waliokosa". Mteja akiuliza hamira na huna, andika hamira. Akiuliza mara nne kwa wiki, hapo kuna mauzo yaliyokuwa yanapita mlangoni bila wewe kujua.

Ya pili iite "nyumbani". Mtoto akichukua mkate, mume akichukua sabuni, mgeni akipikiwa mchele wa dukani, andika kwa bei uliyonunulia. Nimekaa na wenye maduka waliokuwa na hakika kwamba supamaketi ndiyo inawamaliza. Tulipojumlisha safu hii wakanyamaza. Familia kula dukani si dhambi, lakini isipoandikwa utamtafuta mchawi mahali ambapo hayupo.

Tahadhari: ukimwachia msaidizi duka, naye aandike. Siku moja isiyoandikwa inaharibu wiki nzima, kwa sababu mauzo ya Jumamosi hayafanani na ya Jumanne.

Utajua umefaulu siku ya nane, ukiweza kutaja bila kubahatisha bidhaa ishirini zinazokuletea hela nyingi kuliko zote. Watu hushangaa. Friji la soda linaweza kuwa linakula umeme kuliko linavyorudisha, hasa Juni na Julai ambapo Mbeya na Njombe baridi inauma na hakuna anayetaka kitu cha friji.

## Hatua ya 2: Tafuta faida halisi ya kila bidhaa

Kaa hapa muda mrefu. Maduka mengi hufia hapa.

Chukua sukari. Tuseme mfuko wa kilo 50 umeununua kwa 130,000, na nauli pamoja na kupakia ni 1,000. Mfuko umekugharimu 131,000. Kwenye kupima kuna upotevu: punje zinazomwagika, mizani inayozidi kidogo. Tuseme nusu kilo. Umebaki na kilo 49.5 za kuuza.

Ukiuza kilo 2,800 unapata 138,600. Toa 131,000, faida ni 7,600.

Sasa supamaketi imeandika 2,700 na wewe unaifuata. Kilo 49.5 kwa 2,700 ni 133,650. Faida ni 2,650.

Umeshusha shilingi mia moja tu, na karibu theluthi mbili ya faida imeondoka. Ili upate 7,600 ileile itabidi uuze karibu mifuko mitatu pale ulipokuwa unauza mmoja. Jiulize kwa ukweli: mtaa wako utakunywa chai mara tatu zaidi kwa sababu ya shilingi mia?

Weka bei zako za kweli za leo badala ya hizi za mfano, kisha rudia hesabu kwa bidhaa zote ishirini. Zipange kutoka yenye faida kubwa kwa wiki hadi ndogo. Angalia faida ya wiki, maana kitu kinachokupa 500 lakini kinauzwa mara moja kwa mwezi hakilishi duka.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye mistari ishirini: gharama, bei, faida kwa kipande, faida kwa wiki. Ibandike ndani ya mlango wa kabati, sio mahali mteja anapoona.

## Hatua ya 3: Nenda kwenye lile duka kubwa na karatasi yako

Usiende kwa hasira wala kwa woga. Chukua kikapu, zunguka, nunua kitu kimoja, na uandike bei za bidhaa zako ishirini.

Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya bei. Pakiti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuachana kwa gramu mia. Gawa bei kwa uzito ndipo ulinganishe.

Utagundua kwamba hawako chini kwenye kila kitu. Wanashusha bei za bidhaa chache ambazo kila mama anazijua kichwani, na hapo ndipo jina la "rahisi" linapotoka. Nyingine ziko sawa na zako au juu. Nao wana gharama: kodi kubwa ya jengo, walinzi, taa kutwa nzima. Tena aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) huitoza kwenye bei yake yote ya kuuzia bidhaa zinazotozwa, kwa kawaida 18%. Tangu Julai 2023 kiwango cha lazima cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Wewe uliye chini ya hapo umelipa VAT iliyomo kwenye bei ya jumla, lakini hutozi juu ya faida yako.

Ukirudi, gawa bidhaa zako katika mafungu matatu.

Za macho. Ambazo mteja anajua bei yake hata usingizini: sukari ya kilo, unga wa kilo tano, mafuta ya lita, sabuni ya mche. Chagua tatu au nne tu, usogee karibu na bei yao, na uandike bei hizo kubwa mlangoni. Usizifuate mpaka chini ya gharama yako. Tofauti ya shilingi hamsini mtu haifuati kwa nauli ya bajaji.

Za haraka. Chumvi, kiberiti, mkate, mayai, pedi, dawa ya mbu, betri. Anayezitaka anazitaka sasa hivi. Bei zake ziache zilivyo.

Zilizolala. Zenye vumbi. Ziuze hata kwa bei uliyonunulia, upate hela ya kujazia mafungu mawili ya mwanzo. Uchungu wake ni wa siku moja.

Tahadhari: kitu kilichopita muda wake usikishushie bei. Kitoe dukani.

## Hatua ya 4: Uza kwa kipimo ambacho wao hawawezi

Supamaketi haiwezi kumpa mtu sukari ya mia tano. Wewe unaweza, na hapa ndipo duka dogo lina nguvu yake yote.

Rudi kwenye mfuko wetu. Badala ya kuuza kilo nzimanzima, funga robo robo na uuze 750. Upotevu utaongezeka, tuseme kilo moja, ubaki na kilo 49, yaani robo 196. Kwa 750 unapata 147,000. Toa 131,000 ya mfuko na 1,960 ya karatasi za kufungia kwa shilingi kumi kila moja. Faida ni 14,040, karibu mara mbili ya kuuza kilo.

Najua swali linalofuata, kwa sababu mimi mwenyewe liliwahi kuninyima usingizi: je, si kumwonea maskini? Nimelifikiria hivi. Kibarua anayelipwa jioni hana 2,800 ya kuweka kwenye sukari peke yake. Anahitaji mafuta, unga na sukari vyote kwa hela ya leo. Unamfungia, unamhifadhia, unamfungulia saa mbili usiku. Hiyo ni kazi na ina bei yake. Uonevu unaanza pale robo inapokuwa gramu 220. Hapo umemwibia, umevunja sheria ya vipimo, na mtaa utajua. Robo iwe gramu 250 kamili, na mizani ikae juu ya kaunta ambapo mteja anaona namba.

Funga asubuhi kabla ya wateja: sukari, chumvi, mchele, maharage, dagaa. Tumia karatasi ya khaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usimpe mtu "rambo" ukadhani unamfurahisha. Mafuta ya kupima mwambie mteja aje na chupa yake safi.

Utajua umefaulu ikiwa mfuko wa sukari unaisha kwa siku zilezile au pungufu, na faida ya mfuko imepanda.

## Hatua ya 5: Jaza mzigo wa kwetu

Huu mkoa wetu wa Mbeya unalisha nchi, halafu nakuta duka la Ilomba limejaa biskuti za pakiti ambazo supamaketi inazo kwa bei ndogo zaidi. Mchele wa Kyela na wa Usangu uko jirani. Maharage, viazi vya Umalila na Uporoto, ndizi na maparachichi ya Rungwe, mafuta ya alizeti, maziwa ya asubuhi: vyote unaweza kuvipata kwa mtu unayemjua kwa sura, bila kupitia ghala la mbali.

Anza na viwili. Mchele na maharage havina haraka ya kuoza. Nunua baada ya mavuno bei inapokuwa chini, kiasi unachoweza kuuza ndani ya miezi miwili. Usizidishe hapo, kwa sababu mtaji uliolala kwenye gunia haununui sukari, na maharage yasiyohifadhiwa vizuri yataliwa na bungua.

Mchele uandike unakotoka, na uuze ulichoandika. Ukichanganya wa Kyela na mwingine wa bei ndogo, mpishi wa nyumbani atajua jioni ileile sufuria ikifunuliwa.

Kuna jambo la hewa yetu ambalo miongozo ya Dar es Salaam hailitaji. Asubuhi za baridi, mafuta ya mawese yaliyosafishwa huganda au kuwa na weupe kama wingu. Mteja mgeni anadhani umechakachua, na wewe huwezi kuyapima. Yainue kwenye chaga, mbali na sakafu ya saruji, na weka alizeti pembeni kama chaguo la pili, maana yenyewe haigandi kwa baridi ya namna hii. Mweleze mteja kwa upole kwamba mafuta yakipata joto yanarudi. Chaga hizohizo zitaokoa sukari na chumvi wakati wa mvua, unyevu unapopanda kutoka chini.

## Hatua ya 6: Panga madeni, usiyafute

Ushauri wa "usikopeshe kabisa" hutolewa na watu ambao hawajawahi kuuza mtaani. Mkopo wa daftari ni kitu kingine ambacho duka kubwa halina. Lakini lazima uwe na mipaka.

Kwanza elewa uzito wake. Ukiwa na faida ya shilingi 6 kwa kila 100, deni la 20,000 likipotea utahitaji kuuza bidhaa za zaidi ya 300,000 kurudisha tu ulichopoteza.

Kisha panga wadaiwa kwa siku yao ya hela. Mwalimu na nesi, mwisho wa mwezi. Dereva wa bodaboda, jioni au wiki. Mkulima wa viazi, siku anayouza, na huyu mpe kiwango kidogo kuliko wote, si kwa sababu si mwaminifu bali kwa sababu bei ya viazi haiko mikononi mwake. Mwanafunzi wa chuo jirani muuzie taslimu.

Kila mtu awe na ukurasa wake: jina, simu, kikomo, siku ya kulipa, na sahihi yake kila anapochukua. Kikomo kisizidi kile ambacho ukikipoteza duka litafunguliwa kesho.

Kusema hapana ndiyo kazi ngumu. Wengi wanakopesha tena kwa aibu. Jifunze sentensi moja na uiseme kwa heshima, bila watu kusikia: "Shikamoo mama. Daftari limefika elfu kumi na tano yetu. Tukipunguza elfu tano leo, chukua unga." Umemwachia mlango. Usibandike majina ya wadaiwa ukutani, kamwe. Utalipwa deni moja na kupoteza ukoo mzima.

Utajua umefaulu jumla ya madeni ikiacha kupanda kwa wiki tatu mfululizo, hata kama haijashuka.

## Hatua ya 7: Nunueni pamoja

Tafuta maduka manne au matano ambayo hayagombei mteja mmoja, mfano hapa Mbeya: la Iganzo, la Isanga, la Itiji. Kila mtu atoe hela yake kabla ya safari, mmoja aende soko la Mwanjelwa kwa zamu, na risiti ziandikwe kila mtu na yake.

Kwenye mfano wetu nauli ilikuwa 1,000 kwa mfuko. Gari la mizigo la 15,000 likibeba mifuko 30 ni 500 kwa mfuko. Mwenye jumla akikupunguzieni 1,500 kwa mfuko kwa sababu mmekuja na mzigo mkubwa, kila mfuko umeokoa 2,000. Faida ya 7,600 imekuwa 9,600 na bei ya mteja hujaigusa.

Tahadhari mbili. Mtu asinunuliwe kwa ahadi. Kundi la kwanza nililowahi kujiunga nalo lilivunjika kwa sababu ya mifuko miwili ya "nitakupa kesho". Na mkikutana, zungumzeni bei ya kununua tu. Kupanga bei ya kuuza kwa pamoja kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

## Hatua ya 8: Saa, malipo na mlango

Hii ni fupi. Fungua saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watoto kwenda shule na kabla supamaketi haijafungua milango. Mkate, mayai, majani ya chai na chenji viwepo. Usipoweza kukaa mpaka usiku, panga zamu, lakini saa uliyotangaza usiivunje.

Lipa namba ibandikwe usawa wa macho. Subiri ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako wewe. Usiamini ujumbe anaokuonyesha mteja kwenye simu yake. Ukiwa wakala wa fedha za simu, float iwe na sanduku lake. Hela ya wakala ikinunua sukari, kesho mtu anayetaka kutoa elfu hamsini atarudi mikono mitupu na hatarejea.

Wateja wa kudumu wachukulie oda kwa simu, wazee hasa. Bodaboda mmoja mnayeaminiana anatosha.

## Hatua ya 9: Siku ya 90, pima tena

Rudia hatua ya kwanza, siku saba nyingine, daftari jipya. Linganisha vitu vitatu: faida ya wiki, jumla ya madeni, na safu ya "nyumbani". Mauzo yanaweza kuwa yameshuka na faida imepanda. Hilo usiliogope.

Bidhaa ambayo haijatembea kwa siku zote hizo usiijaze tena. Nafasi yake ipe nyanya, vitunguu na viazi, ukianza na kiasi kidogo kinachoisha ndani ya siku mbili.

Kisha chukua faida ya mwezi na utoe pango, umeme, taka, mgao wa leseni na kodi wa mwezi, na posho yako mwenyewe. Ndiyo, ujilipe, hata kama ni kidogo. Ikibaki chanya, endelea na kagua kila miezi mitatu. Ikiwa hasi baada ya kufuata hatua zote, peleka daftari kwa mwenye nyumba kabla mkataba haujaisha na muombe apunguze pango kwa hesabu, si kwa machozi. Akikataa, anza kutafuta fremu barabara ya ndani zaidi, karibu na nyumba za wapangaji, na uhame ukiwa bado na mzigo kwenye rafu na wadaiwa wako wakijua unakoelekea.